Ua la Feza Limeruka Ua Wangu

Kasongo, 9 Juni 1953

Kwa Bwana Shefu wa Cité, mkuu wa mtaa wetu,

Kwa heshima zote ninarudi kwako mara ya pili. Katika barua ya kwanza nilisema ua la jirani limeingia kwangu, na karani wako Michel akanijibu kwamba ua ukianguka nijenge mwingine. Bwana Shefu, ua wangu wa matete umesimama vizuri. Ninaloshtaki ni ua la kunukia: asumini ya Mama Feza, mjane ambaye lupango lake, nyumba na kiwanja, limepakana na langu.

1. Asumini hiyo ilitoka Kabambare ndani ya kikapu cha Feza. Sisi watu hatuvuki kutoka wilaya yetu kwenda teritwari nyingine bila karatasi ya ruhusa. Yenyewe ilivuka, na sasa imevuka tena hadi kwangu, bila mhuri hata mmoja.

2. Agronome, bwana shamba wa serikali, anataka kila mmea usimame kwenye mstari. Huu unatambaa unakotaka, na hakuna aliyeufokea.

3. Kiangazi hiki mboga yangu ya lengalenga imekauka yote. Asumini iko kijani tu, mbele ya macho yangu. Naona ni dharau.

4. Harufu yake inaingia nyumbani bila hodi. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na nilikuwa nimeshazoea nyumba isiyonukia kitu. Ijumaa msikitini Mzee Ramazani alininusa kanzu, akaniuliza harusi ni lini. Niliona haya, nikatafuta viatu vyangu.

Hivyo naomba umwamuru Mama Feza aje kila asubuhi kurudisha matawi yake upande wake. Aje mwenyewe, asitume mtu. Kiti nitatoa mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, pamoja na karani Michel, ambaye simkasirikii sana.

Mimi mtu wako mtiifu,
Sumaili, fundi cherehani

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Feza amefika na panga. Amesema, "Papa Sumaili, kama iko inakusumbua, nitaikata leo." Nilisimama mbele ya asumini, sikumbuki nilisema nini. Sasa panga liko kwangu, na yeye amekaa kwenye kile kiti. Basi usiamuru lolote. Naomba karatasi moja tu ya ruhusa, kwa jina la Feza: anatoka lupango lake, anahamia langu, safari ya hatua sita. Nimemwuliza. Amesema Michel asichelewe na mhuri.