Kiti cha Askari wa Stoo

Jumatatu, 10 Juni 1974
Bosi Tarcisio anatafuta askari wa stoo yake ya kahawa hapa Nateete. Makondo, wale majambazi wenye silaha, wamevunja stoo ya jirani. Polisi walikuja, wakatazama kufuli, wakaenda zao. Askari atapewa bunduki na kiti. Kiti! Mgongo wangu umekwisha kwa magunia. Kazi tunaitaka wawili, mimi na Ojok, mchukuzi mwenzangu. Ojok mjinga. Kazi yangu hii.

Jumanne, 11 Juni
Anatufundisha Mzee Zubairi, Mnubi, jeshini tangu wakati wa Mwingereza. Bunduki haina risasi. Nikainama, nikaiweka begani kama gunia. Ojok alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akasema bunduki inaanza kichwani, mkono unafuata. Eti yeye mwenyewe bado anajifunza, kila asubuhi na fimbo ya ufagio. Masikini! Miaka yote hiyo hajajua? Ojok anauliza, anauliza. Mimi niulize nini? Nimeshashika.

Alhamisi, 13 Juni
Ojok kaenda mazoezi. Mimi nimelala. Baadaye nikachukua kioo cha marehemu mke wangu, nikajaribu uso mkali. Uso safi sana! Kondo atakimbia mwenyewe.

Jumamosi, 15 Juni
Mtihani. Bosi anatazama. Mimi mlangoni, bunduki kifuani, uso tayari. Mzee alimtuma Saverio, dereva wa lori, ajifanye kondo. Akaingia. Nikapiga kelele, simama! Hakusimama. Akanyanyua gunia la kahawa, likamshinda kufika kichwani. Akaniambia, mzee wangu, nitwike.

Sasa, sisi wachukuzi, mtu akisema nitwike, unamtwika. Hata kama jana mlipigana. Mkono unaenda wenyewe. Nikaegemeza bunduki ukutani, nikamtwika. Nikamsawazishia na gunia lisimlalie upande. Akasema asante sana. Akaondoka na bunduki.

Bosi alifunika uso kwa kofia. Zamu ya Ojok, Saverio akasema nitwike. Ojok akamwambia shusha, lala chini. Akalala! Kiti amepewa Ojok.

Mzee akaniita pembeni. Eti mwezi ujao bosi anaongeza askari, nirudi Jumatatu tuanze upya. Akasema tena mkono wangu hauna kosa, kosa liko kichwani. Nikamwambia hapana, kosa ni la gunia. Lilifungwa vibaya.

Jumatatu, 17 Juni
Magunia tangu asubuhi. Mgongo unalia. Ojok yuko kwenye kiti, na bado anafanya mazoezi na ufagio wa mzee! Kazi ameshapata, anajifunza nini tena? Mzee ametuma mtu kuniita. Nimejibu sina nafasi, mimi pia mwalimu sasa, nafundisha ulinzi nyumbani kwangu.

Jioni amekuja mwanafunzi, mama Apio wa nyumba ya pili, na panga lake. Aliuliza maswali mengi. Nimemfukuza. Hana kichwa cha kujifunza.