Sensa ya Mashine Itakayofagia Baraza

Mheshimiwa Kgosi Mothibedi, chifu wetu, mkuu wa wakuu. Waheshimiwa madiwani mliopo na mlioko njiani. Mwakilishi wa mwakilishi wa wilaya. Bo-Rra na bo-Mma, mabwana na mabibi mliokuja na viti vyenu wenyewe. Na mimi hapa, Rra Kebalepile, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Mkakati wa Roboti ya Kufagia, niliyeishia darasa la tatu na bado mkanichagua, nawatakia mvua ya baraka: Pula! (Umati: “Pula!”)

Miaka miwili iliyopita nilimwahidi Mma Gaone, aliyefagia ukumbi huu wa baraza miaka ishirini mpaka mgongo ukakataa kunyooka, kwamba leo atautua ufagio. (Vigelegele.) Mimi nikisema nimesema.

Basi fundi Tshegofatso akatuandikia kwamba roboti tutaiunda hapahapa, ila kwanza kamati ichague sensa ya vizuizi. Mambo ya serikali nayajua tangu hamjazaliwa. Nikasema, sensa haichaguliwi, sensa inafanywa! Tukachapisha fulana, tukaunda kamati ndogo, tukahesabu vizuizi vyote vya ukumbini kwa mfumo shirikishi: viti sitini na kimoja, vyungu vinne vya chuma vya miguu mitatu, mbwa mmoja wa Kgosi, na Rra Moatlhodi aliyekuwa amelala, tukamwandika mara mbili kwa sababu aligeuka. (Vicheko.)

(Tshegofatso: “Rra, sensa niliyoandika ni jicho la mashine! La kuona kitu kabla haijakigonga!”)

Kaa chini, mwanangu. Macho nayajua. Si ulituletea matatu, tukayafunga moja moja kwenye boksi, tukalisukuma? La mwanga halioni cheusi, likaparamia chungu cha nyama ya seswaa chenye masizi. La sauti, linalosikiliza mwangwi, likapotelea kwenye blanketi la Mma Kgosi, mke wa chifu, lililomeza mwangwi wote. La kugusa linajua kiti kipo likishakigonga, na hilo ndilo nililolipenda, maana hata mimi uongozi nilijifunza hivyohivyo.

(Sauti ya mzee: “Si ungelichukua basi!”)

Haraka ya nini, Rra? Mchakato ndio maendeleo. Mradi umekamilika kwa asilimia tisini na tano. Iliyobaki ni mashine tu. Na sasa, tazameni kilichomo chini ya kitambaa hiki, lakini msisogee! (Anainua pembe ya kitambaa. Kitu cha mviringo kinang'aa. Vigelegele, vumbi.)

Roboti kwanza! Mgongo unyooke! Sensa hoyee! Pula! (Umati: “Pula!”)

Mwisho kabisa, namshukuru kwa dhati Mma Gaone kwa kutuazima beseni lake tulilolifunika hapa tangu asubuhi. Mma, njoo ulichukue. Ufagio wako nao uko chini ya kiti changu. Wageni wakiondoka, patakuwa pachafu. (Anaketi.)

(Mma Gaone, akiinama polepole: “Inua miguu, Rra. Kwenye sensa yenu mlisahau kizuizi kimoja.”)