Watakatifu wa Barafu Wahamishwa Hadi Aprili

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Vaucreux-le-Haut kwamba baridi ya mwaka huu itakwisha mapema. Uamuzi umepitishwa na baraza kwa kura saba dhidi ya moja, na hali ya hewa inaombwa kutoa ushirikiano.

Meya Anselme Trubert aliyasoma hayo mbele ya kanisa, mkanda wa rangi tatu kifuani, pua imemwiva kwa baridi ambayo haikuwemo tena kwenye ajenda.

Kilichomkera kilikuwa kibao. Kibao cha kuingilia Vaucreux kilichorwa maua mawili. Cha Montgeoir, kijiji cha bondeni, kilichorwa matatu. Kila mwanzo wa Mei waamuzi wa mashindano ya vijiji vyenye maua, ambao ndio hugawa maua hayo ya vibaoni, walipanda mlima wakakuta vyungu vitupu, kwa sababu huko juu hakuna mtu anayetoa mche nje kabla ya Watakatifu wa Barafu kupita: Mamerti, Pankrasi na Servasi, ambao sikukuu zao katikati ya Mei ndizo huifungia baridi mlango. Mwaka uliopita Meya alipigwa picha chini ya kibao cha Montgeoir, mwenzake akicheka pembeni. Aliapa kwamba safari hii angepata ua la tatu, hata kama ni kwa nguvu.

Baraza likawahamisha watakatifu watatu hadi katikati ya Aprili, kwa maslahi ya utumishi. Tangazo likabandikwa mlangoni mwa kanisa, kuwapa wahusika nafasi ya kuweka pingamizi. Hakuna aliyejitokeza. Azimio likawa sheria.

"Anselme, mwanangu," alisema Bibi Philiberte, mjane wa muuza jibini na mwenye ile kura moja, "hao watu walishakufa. Unawahamishaje?"

"Bibi, hakuna aliye juu ya uhamisho."

"Na miche yangu ya nyanya?"

"Itoke nje. Kuficha mche ndani ni kukosa imani na baraza."

"Imani naiweka kanisani. Nyanya naziweka jikoni."

Mgambo wa kijiji akaingia jikoni akazitoa. Akapita nyumba zote, isipokuwa ya Meya, kwani hairuhusiwi kumshuku mtunga sheria. Vaucreux ikachanua maua ya jeraniumu kila dirisha. Meya akazunguka uwanjani akipokea pongezi, nyingi zikiwa zake mwenyewe.

Haikupita wiki. Asubuhi moja mbingu iliamka safi kama sahani, na umande ukawa umeganda juu ya kila jani. Kufikia mchana jeraniumu zilikuwa nyeusi, zimelegea kama soksi mbichi. Meya akatoa ufafanuzi kwamba hiyo haikuwa sakitu, ulikuwa umande wenye msimamo mkali. Akapiga marufuku makoti uwanjani. Koti ni uchochezi.

Mwanzoni mwa Mei waamuzi wakafika. Wakawakuta watu wazima wamevaa mikono mifupi, wamejipanga kando ya vyungu vya maiti, meno yakigongana.

"Haya maua ni aina gani?" aliuliza mwenyekiti wao, mama mwembamba mwenye kofia ya manyoya.

"Ya asili," Meya akasema. "Hupenda weusi."

Mama yule akasimama mbele ya nyumba ya Meya. Vioo vilijaa mvuke. Nyuma ya vioo hivyo, jeraniumu nyekundu zilibanana na nyanya zilizonenepa, na katikati alisimama Solange, mke wa Meya, na kopo la kumwagilia.

"Na haya ni ya nani?"

Kijiji kizima kikamgeukia Meya. Angeweza kunyamaza. Lakini aliliona lile ua la tatu, hata brashi ikilipaka rangi.

"Ya kijiji!" akasema. "Mali ya umma. Kwangu yamehifadhiwa tu."

"Mazuri sana. Ila ya ndani hatuyahesabu. Yatoeni nje tuyape alama."

Upepo wa theluji ukashuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya uwanja.

"Sasa hivi?"

"Kwani baridi haijakwisha? Nimesoma pale kanisani."

"Anselme, ukithubutu!" Solange akafoka.

"Hayatoki!" Meya akapasuka. "Yatakufa! Hamuisikii hii baridi? Hayatoki mpaka Servasi apite!"

"Servasi yupi, mwanangu?" akauliza Bibi Philiberte. "Wako au wetu?"

Hakungoja jibu. Akafuta viatu, akaingia, akakumbatia vyungu viwili vya nyanya. "Mali ya umma. Umma ndio mimi."

Wengine wakamfuata. Muda si mrefu kila mtu alikuwa anakimbia na jeraniumu kuelekea jikoni kwake. Waamuzi wakateremka Montgeoir, ambako supu ilikuwa tayari.

Solange akavaa koti, akachukua chungu cha mwisho.

"Na wewe unakwenda wapi?" Meya akauliza.

"Kwa Bibi Philiberte. Kule watu wanaruhusiwa kusikia baridi."

Akatoka, na mlango hakuufunga.