Bundi Aliyelala Chini ya Benchi

Jumapili, 8 Juni

Tumefika. Kambi ileile ya kila mwaka, msituni mkoani Drenthe, na mvua ileile. Baba ameisawazisha karavani, nyumba yetu ya kuvutwa na gari, kwa pimamaji yake mpaka chai imepoa. Mama amemwambia aiache tu, hata ikiinama sisi tumeshapinda tayari.

Kambi hii haina umeme kwenye viwanja. Ndiyo maana Baba anaipenda. Anasema binadamu anahitaji kusikia ndege. Mimi nahitaji kusikia simu.

Alhamisi ni matokeo ya mtihani wa mwisho. Bi Terpstra, mwalimu wetu mlezi, atampigia simu kila mwanafunzi. Utaratibu wanaujua hata mbwa wa kwetu Friesland: waliofeli hupigiwa kwanza. Simu ikilia mapema, umekwisha. Ikikaa kimya hadi saa nane, umefaulu, na atakupigia baadaye kukupongeza. Kwa hiyo siku hiyo hakuna sauti tamu kama kimya.

Tatizo ni simu yangu. Chaji ikiingia asubuhi, mchana imeshaaga. Na shuleni nilitoa namba yangu peke yake. Nina miaka kumi na saba. Sikutaka habari zangu zipitie kwa Mama.

Baba amebeba bendera na mlingoti wa kukunja, ili nikifaulu aipandishe na kutundika begi langu la shule juu yake, kama kila nyumba yenye aliyefaulu. Nimemwambia hii si nyumba, ni karavani. Akasema ina mlango.

Ziko soketi za kuchajia, kwenye kibanda cha mapokezi kwa Bi Roelien. Lakini lazima umwombe. Yaani umsemeshe, huku watu wa foleni wamesimama nyuma yako wakisikiliza. Hapana.

Nina njia yangu. Chini ya benchi ninalolalia, nyuma ya mablanketi, kuna inveta ya Mjomba Wobbe, aliyokuwa akiitumia kwenye mashua. Inachukua umeme wa betri ya karavani na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Mjomba alinipa bila kuniuliza kitu. Alisema tu nisichomeke chochote cha kutoa joto, na ikianza kulia niiheshimu. Sikumwuliza maana yake. Fizikia ni somo langu. Kwenye mtihani nilimaliza kabla ya wenzangu wote. Kinachoninyima usingizi ni Kifaransa.

Jumatatu, 9 Juni

Wazazi wametoka kutembea. Nimefunga inveta. Cheche! Waya nyekundu na nyeusi nilizipachika kinyume, ingawa kwenye kitabu cha maelekezo zimechorwa wazi kabisa. Fyuzi imeungua. Nikachukua fyuzi ya redio ya karavani. Hakuna anayesikiliza redio.

Ikawaka! Taa ya kijani! Sijawahi kujisikia mkubwa hivi. Nimechaji simu. Halafu kisomeo changu cha vitabu. Halafu mswaki wa umeme, kamera ya Mama, taa ya kusomea na feni ndogo, ingawa nje ni baridi. Nilitaka tu kuona.

Baba amerudi akatafuta taarifa ya hali ya hewa. Redio kimya. Amefurahi. Amesema hatimaye hata redio imeelewa.

Jioni taa za ndani zimefifia. Mama kauliza kama ni macho yake. Baba akasema mwanga hafifu unapendeza, unawaleta watu karibu. Tulikaa karibu. Mama alikata vidole badala ya vitunguu, kidogo tu.

Kisha inveta ikaanza kulia. Piip. Kimya. Piip. Kimya. Nadhani ni salamu kwamba chaji imejaa. Lakini Baba, aliyekuwa nje na kahawa yake na biskuti yake moja, alinyanyua kidole. Akanong'ona tusitikisike. Akasema huyo ni bundi kibete, yuko kwenye msonobari nyuma ya karavani, na hapa nchini watu huzeeka bila kumsikia.

Sijawahi kuona uso wa Baba ukiwa vile. Hata siku niliyozaliwa, kwa mujibu wa picha, hakuwa vile.



Jumanne, 10 Juni

Baba amewatangazia wote penye masinki ya kuoshea vyombo. Bwana Hoekema, jirani yetu, mstaafu mwenye kaptula mwaka mzima, kasema bundi gani, huyo ni chura. Kuna aina ya chura anayelia vilevile, amemsikia mkoani Limburg. Baba akamwuliza tangu lini chura akapanda msonobari. Hoekema akajibu tangu bundi alipoanza kulia ndani ya karavani, kwa sababu yeye sauti aliisikia chini. Baba akamwambia Hoekema akazibue masikio. Hoekema akamwambia Baba akazibue sinki, amelijaza makombo.

Betri imechoka. Simu imeshuka nusu. Nimeamua kuwa jasiri. Nimekwenda kwa Bi Roelien na chaja mfukoni. Mbele yangu watu wawili, nyuma yangu familia nzima. Zamu yangu ikafika. Akaniuliza nataka nini, mwanangu. Mdomo wangu ukasema asali.

Tuna chupa ya asali. Hakuna anayekula asali kwetu.

Jioni Hoekema kaleta kiti chake kiwanjani kwetu ili asikie kwa masikio yake. Baba kazima taa zote asimtishe bundi. Wakakaa. Kimya. Hoekema akaanza kutabasamu. Baba akasafisha koo. Nilimwona kupitia dirishani, mzee wa watu na darubini kifuani, akitazama mti usio na kitu.

Chaji iliyobaki kwenye betri ni ya Alhamisi. Ninaijua hesabu hiyo. Nimeingia ndani, nikanyoosha mkono chini ya benchi, nikawasha inveta na feni.

Piip.

Baba alisimama wima kama amepewa nishani. Hoekema alisema chura. Baba alisema bundi. Waliendelea hivyo mpaka Mama akawaambia awe bundi au chura, naye anataka kulala.

Jumatano, 11 Juni

Pampu ya maji imekufa. Mama anachota kwa ndoo. Amesema akitaka maisha ya bibi yake angezaliwa mapema. Baba kasema ni hewa kwenye bomba. Mimi nimesoma ukurasa mmoja wa kitabu mara nyingi.

Habari mbaya zaidi: Baba ameazima simu ya Mama akakipigia chama cha watazamaji wa ndege. Wanakuja Ijumaa. Wawili. Na kinasa sauti.

Mpango mpya. Gari nalo lina betri! Kwa nini nitegemee betri moja wakati tunazo mbili? Wazazi wakiwa wamekwenda kuoga, nimehamishia inveta garini, nikageuza ufunguo nusu ili soketi ya garini iamke, nikachomeka simu. Ikapanda! Nikaketi kiti cha nyuma na kitabu. Kitabu kizuri sana. Wala sikuona taa za mbele zikimulika karavani ya Hoekema mchana kweupe, mpaka zilipoacha kumulika.

Gari haliwaki. Limetoa mlio kama mtu anayeguna akielezwa jambo asilolitaka. Simu ilikuwa imepata chaji kidogo tu, maana nusu ya muda nilikuwa nimechomeka kisomeo.

Nimerudi kwa Bi Roelien. Safari hii hakukuwa na foleni. Mimi na yeye tu, uso kwa uso, jambo ambalo ni baya zaidi. Nimerudi na kipigio cha nzi.

Alhamisi, 12 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi simu ilikuwa hoi, nikaizima ili nitunze kilichobaki. Adhuhuri nikairudisha inveta chini ya benchi, nikachomeka simu, nikaiwasha. Ikaonyesha nembo ya kiwandani. Ikanitazama. Ikazimika moja kwa moja.

Mama alikuwa ameshatandika kitambaa mezani nje. Akaniita niweke simu katikati, wote tuione. Nikaiweka. Jiwe jeusi. Tukaketi kulizunguka.

Ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Baba alikuwa ameshika mkono wa Mama, na nikafikiri, kama nimefaulu, kuna haja gani? Kimya ni kimya.

Saa saba ikapita. Kimya. Saa saba u nusu. Kimya. Baba alianza kupumua kwa pua. Ilipogonga saa nane aliruka akapiga ukelele uliowatoa watu kwenye mahema. Nimefaulu! Bendera! Begi! Mlingoti ulikunjuka, ukakunjwa, ukakunjuka tena. Begi langu likapanda juu ya karavani, na kutoka mfukoni mwake ikadondoka ndizi ya tangu Aprili.

Basi wakaja. Hakuna mahali kama kwetu pa kupongeza. Anayepongezwa si mmoja, ni ukoo. Wakampa Baba mkono, hongera kwa binti yako. Wakampa Mama, hongera kwa binti yako. Hoekema akampongeza mbwa wake mwenyewe. Bi Roelien akafika na keki ya siagi, akanishika mashavu, akasema alijua tu, msichana anayependa asali hawezi kuwa mjinga.

Nilikaa katikati nikisema ahsante, ahsante. Kila ahsante ilikuwa uongo kamili.

Kisha Mama akauliza mbona Bi Terpstra bado hajapiga kunipongeza. Akaichukua simu. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena. Akanitazama.

Nikamwambia polepole kwamba imezimika. Akauliza tangu lini. Nikasema kabla ya chakula.

Mama hakupiga kelele. Alivua hereni, akatoa laini yangu kwa ncha yake, akaitia kwenye simu yake. Simu yake ilikuwa imejaa chaji. Imejaa! Nikauliza kwa vipi. Akasema kwa vipi tena, kila asubuhi akienda kuoga anamwachia Roelien. Bi Roelien akasema ndiyo, na soketi ya jirani yake iko wazi wiki nzima, masikini.

Ujumbe wa sauti ukaingia. Mama kwa haraka akabonyeza kipaza sauti, na Bi Terpstra akazungumza na kambi nzima:

"Jildou mpenzi, nimekupigia wa kwanza kabisa. Usiogope. Kifaransa umefanya vizuri ajabu! Ni fizikia. Umepungukiwa kidogo tu, unaweza kuurudia mtihani. Ni lile swali la betri, mwanangu. Nitajaribu tena."

Uma zilisimama hewani. Hoekema kauliza kwa sauti ya msibani kama keki bado inaliwa.

"Kula tu, Hoekema," Mama alisema. "Keki haijafeli."

Baba akaanza kuishusha bendera, taratibu, akiikunja vizuri pembe kwa pembe. Na hapo hapo, katika kile kimya, kutoka ndani ya karavani:

Piip.

Baba aliacha kamba. Akanyanyua kidole. Macho yakamwaka, hata wakati ule, hata na begi langu likining'inia nusu. Akanong'ona, "Mchana kweupe!"

Mama akaingia ndani. Tukasikia benchi likifunguliwa. Akatoka ameibeba inveta mikononi kama paka aliyenyeshewa, feni ikiwa bado inazunguka kidogo.

Piip, ikasema.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. Nilitamani anigombeze. Hasira ya mtihani ningeivumilia. Ile sura yake ilikuwa kitu kingine.

"Kwa hiyo si bundi," alisema.

"Si bundi, Baba. Nisamehe."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Akashusha pumzi. Kisha akageuka polepole kwa Hoekema, aliyekuwa na krimu mdomoni.

"Wala si chura," alisema.

Ijumaa, 13 Juni

Wale wawili wa chama cha ndege wamekuja na kinasa sauti. Baba amewaambia bundi amehama. Amewapa keki iliyobaki. Wamesema wanaelewa, bundi ndivyo walivyo.

Hoekema ameliamsha gari letu kwa waya za kuunganisha betri, na alipokuwa akiziunganisha alinieleza ni ipi nyekundu na ipi nyeusi. Kwa kirefu.

Mama kanituma nikamuage Bi Roelien na kumshukuru. Nimerudi na chupa ya pili ya asali.

Jumamosi, 14 Juni

Tuko nyumbani. Ni lazima nimpigie Bi Terpstra kumwambia kwamba nitarudia fizikia. Mwisho ni Jumatatu. Mama kaniwekea namba mbele ya pua na kusema simu haing'ati.

Nimefikiria vizuri. Sitapiga. Jumatatu nitapita na baiskeli mbele ya shule, polepole, huku na huku, nimeshika kitabu cha fizikia kwa namna inayoonekana, mpaka yeye mwenyewe atoke aniulize.

Kuhusu kujisomea: ndani ya nyumba kuna watu, watu huuliza maswali. Nitasomea kwenye karavani, uani. Soketi ya ukutani ipo, lakini waya mrefu uko kwa jirani, na itabidi kugonga mlango. Nimempitia Mjomba Wobbe. Anayo inveta nyingine, kubwa, inayoweza kuendesha hata birika la umeme. Alianza kunieleza jambo kuhusu betri. Nilimwambia asijisumbue, nimeshapata uzoefu.

Nimeifunga leo mchana. Kompyuta, taa, feni, birika. Nimefungua sura ya umeme, ukurasa wa kwanza.

Piip.

Hii sauti yake ni nzito zaidi, ya kiutu uzima. Dirisha la jikoni likafunguka. Baba, na darubini yake. Anajua kilichomo humu, alinisaidia kukibeba. Lakini alisimama hapo, kichwa ameinamisha upande mmoja, akauliza kwa sauti ya chini kama na mimi nimesikia, kwenye mti wa pea.

Nimesema nimesikia, Baba. Nimesema safari hii huenda ndiye.