Naomba Mumrudishie Mama Mkwe Magoti Yake ya Zamani

Kwa Daktari Mkuu,
Kitengo cha Upasuaji wa Kupunguza Uzito.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mikono yako inayoshona watu. Mimi ni mkaza mwana wa yule mama mliyempunguza tumbo mwaka jana, aliyeingia kwenu akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Fomu mliyotuma baada ya yeye kukosa kliniki mara mbili tumeipata. Yeye amesema aliyepona hajazi fomu, hivyo najaza mimi. Sikusoma sana, ila nimeona mnauliza kilo, presha na sukari tu. Yaliyotupata sisi wa nyumbani hayana mahali. Nayaandika hapa.

1. Magoti. Mimi na mume wangu tulipanga ghorofa ya tatu kwa makusudi. Ngazi ni hamsini na mbili. Kila wiki nilimwambia mama mkwe kwenye simu, karibu sana mama, hapa ni kwako, tena kwa moyo mweupe, maana nilijua ya kumi haivuki. Sasa amepungua kilo hamsini na nne, anapanda zote na kikapu mkononi. Hodi anaipiga akiwa ameshafika jikoni. Kabla ya kumtengeneza, nani aliniuliza mimi?

2. Sukari. Zamani alijidunga sindano asubuhi na jioni, akawa na shughuli yake. Mmemwachisha sindano, na dawa za presha amebaki na kidonge kimoja. Mtu mkimnyang'anya ugonjwa mmpe kazi nyingine, Daktari. Kazi aliyojipatia ni mimi. Anageuza sufuria zangu kutafuta masizi.

3. Chakula. Anakula vijiko vinne, ametosheka. Muda uliobaki anautumia kwenye sahani yangu. Juzi kaniambia, mwanangu, tafuna, hakuna anayekukimbiza. Na mimi nanyonyesha!

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwanangu, tangu ana wiki tatu, kila tulipompeleka kwa bibi yake alilala mchana juu ya kifua cha bibi, kwa mkoromo uliotikisa vikombe kabatini. Mkoromo umeondoka na kilo. Sasa mtoto analazwa kwenye kifua chenye mifupa, kimya kabisa, anakodoa macho kama mlinzi wa benki.

5. Majirani. Fundi cherehani wa chini alizoea kusema gauni la mama ni hema la harusi. Leo analipunguza gauni hilohilo, huku akiwanong'oneza wateja kwamba mwili ule haujaisha bure, kuna kitu kinafichwa. Mama alipokuwa mnene alikuwa mlafi, amepungua amekuwa maiti mtarajiwa. Mdomo ni uleule mmoja. Kama tumbo mnaweza kulikata likabaki dogo hivyo, kwa midomo mna mkasi gani?

Kwa hiyo naomba kwa heshima: magoti yarudishwe nusu, yaishie ngazi ya ishirini. Mkoromo urudishwe saa za mchana tu. Na kuanzia sasa, mgonjwa yeyote asikatwe bila mkaza mwana wake kutia sahihi. Mimi ningetia, ila kwa masharti.

Wasalimie manesi wote wa wodi, mpishi wa ule uji mwepesi, na mlinzi wa getini aliyetusaidia kusukuma kiti. Nasubiri jibu lako, mlango nimeutia komeo.

Mimi mwenye matumaini,
Mkaza mwana wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

N.B. Daktari, barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Vidonge vya vitamini mlivyomwambia ameze maisha yake yote nimevikuta ndani ya kopo la vifungo, vyote. Nywele zinamtoka kwa viganja. Jana alikaa chini ghafla ngazi ya thelathini, akasema anafunga kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Nikamvuta ukope wa chini, ndani hakuna damu, kweupe kama karatasi hii. Mimi nikimsihi ananiita mtoto. Mpigieni nyinyi, mumtishe vizuri, aje kliniki wiki hii hii. Na magoti msiyaguse. Mwanangu anajifunza kupanda ngazi akiwa ameshika kidole cha bibi yake. Amefika ya kumi na tisa. Bado thelathini na tatu.