Liwali Juu ya Punda wa Taka

Jumapili, 6 Oktoba

Habari kubwa ya kufungulia wiki ya kazi. Liwali wa mkoa anakuja Jumanne kuutazama mji mkongwe, taa zake mpya na mabomba yake mapya. Katibu wa baraza, Bwana Daoud, ametuita mimi na Khodir, mwenzangu wa ofisini, akatuambia kwamba ziara ikifana, mmoja wetu atapata ajira ya kudumu. Hakusema yupi. Alimtazama Khodir. Labda alitazama saa ya ukutani iliyo nyuma ya Khodir. Sikuweza kula mchana.

Mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Nina shahada ya utawala. Punda wanaobeba taka za mji mkongwe wana namba za utumishi, shayiri ya serikali na daktari wao. Mama huniuliza kila jioni kama nimeshafikia cheo cha punda.

Khodir amependekeza Liwali apokewe kwa bunduki za baruti, kama arusini. Katibu amependa. Lazima nibuni kitu, na upesi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimebuni. Liwali ana goti bovu. Vichochoro vya mji mkongwe vinapanda kama ngazi, na gari haliingii. Basi apande punda! Babu zetu walipanda. Picha zitapendeza.

Nilimweleza Katibu kwa tahadhari. Sikusema "mimi". Nilisema, "Sisi hapa ofisini tumeonelea." Mambo yakienda vizuri, nitafafanua. Yakienda vibaya, "sisi" ni watu wengi. Katibu alifikiri, akacheka, akakubali. Bunduki zimefutwa. Khodir hakunimiminia chai mchana kutwa.

Alasiri nilikwenda kwa Ami Aissa, mwenye kuongoza punda wa taka. Alikuwa anafunga safari ya shambani kuvuna tende, kama nusu ya mji. Aliniachia punda wake mpole kuliko wote, Sultana. Aliuliza mgeni ana uzito gani. Nikasema ni mzito wa heshima. Akasema Sultana hajawahi kubeba heshima, ila amezoea vitu vinavyonuka. "Mwache aende mwenyewe tu, mwanangu. Usimkokote." Nilifarijika sana. Kazi itakuwa rahisi.

Nimemwosha Sultana kwa shampuu ya dada yangu. Shogi lake, ule mfuko unaoning'inia pande zote mbili, nimelisugua na kulifunika zulia jekundu. Niliogopa kusimama nyuma yake, kwa hiyo mkia haukuoshwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Ninaandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Liwali alifika asubuhi, mtu mnene, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Alipokwisha kupandishwa, Khodir alininyang'anya kamba, kwa sababu wapiga picha walikuwa mbele. Nilichukia mno. Nilisukumwa nyuma, kando ya Katibu.

Mimi nakaa majengo mapya, ambako taka huchukuliwa na lori. Desturi za mji mkongwe sikuzijua. Sasa nazijua. Wanawake wa huko hawatoki nje kwa ajili ya taka. Wakisikia kwato, hufungua mlango upenyo tu, wakasukuma mfuko nje, huku wakimpa Ami Aissa salamu na malalamiko ya siku. Na Sultana husimama kwenye kila mlango, wala haondoki mpaka ahisi mzigo umeingia kwenye shogi.

Akasimama mlango wa kwanza. Khodir akavuta. Sultana hakumjali. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wenye hina ukatoka na mfuko wa maganda ya vitunguu, ukamwekea Liwali mapajani. Sauti ikasema, "Ami Aissa, waambie hao wa baraza taa yao hapa nje inaangaza kama jicho la kipofu." Liwali aliutazama mfuko, akautia kwenye shogi. Sultana akaondoka.

Mlango wa pili, bibi mmoja aliona kiatu tu.

"He, Ami Aissa, viatu hivyo! Umeoa tena?"

"Bado, bibi," akajibu Liwali.

"Basi ukioa usimlete mtaa huu, atakukimbia. Bomba tuliwekewa, maji hatujawekewa." Akampa mifupa ya kondoo.

Katibu alitaka kupita mbele akomeshe mambo. Wapi! Kichochoro ni chembamba, na Sultana na shogi lake walikijaza ukuta hadi ukuta. Tulifuata nyuma ya ule mkia, tukisikiliza. Taa. Maji. Ngazi iliyovunjika. Maji tena. Mlango mmoja ulimtaja Katibu kwa jina lake, kisha kwa jina la mnyama.

Kileleni Liwali alishuka, ganda la kitunguu begani. Chai hakunywa. Gari lilikuwa limezunguka kwa barabara ya nje; akaingia, akaenda zake. Katibu aliyatazama magurudumu mpaka yakapotea.

Jumatano, 9 Oktoba

Katibu alifunga mlango, akauliza huyo "sisi" ni nani hasa.

Nikasema ni Khodir. Nani alishika kamba? Picha zote zinaonyesha. Khodir alikana. Mimi niliapa kwa kichwa cha mama yangu, ambaye sikumwomba ruhusa. Katibu akamwambia Khodir afungashe vitu vyake, kesho asionekane baada ya adhuhuri.

Sipendi kuonekana mtu mbaya, kwa hiyo nilimtafutia Khodir sanduku. Akaniambia, "Bakir, nyoka wakikuona watakuamkia." Nikamjibu hasira hasara. Nilikula vizuri sana mchana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Msiba.

Liwali amepiga simu mwenyewe. Amesema kila mji anakokwenda huonyeshwa maua na kuta zilizopakwa rangi jana yake. Hapa kwetu, kwa mara ya kwanza, amesikia watu. Alicheka njia nzima kurudi. Ameagiza maji na taa vitengenezwe upesi, na kijana aliyebuni ziara ile apewe ajira ya kudumu leo leo.

Katibu alitoka mbio. Khodir alikuwa mlangoni na sanduku lake. Katibu alimkumbatia yeye na sanduku. Khodir akainamisha kichwa, akasema ni kawazo kadogo tu kalikomjia.

Nikasimama, nikasema wazo ni langu. Katibu akanigeukia: "Jana uliapa kwa kichwa cha mama yako. Leo unataka tumzike?"

Nikakaa. Nampenda mama. Khodir akaniomba, kwa upole wa kutisha, nimsaidie kurudisha sanduku mezani kwake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mama alipika kuskusi, akataka kujua habari za ajira. Nilimsimulia yote isipokuwa kile kiapo. Alicheka hadi akaangusha kijiko. Akasema, "Mwanangu, ungesema kweli juzi, leo tungekuwa tunakula kuskusi ya sherehe."

Nimetafakari maneno yake tangu sala ya Ijumaa. Sasa naliona kosa langu. Nilichelewa. Mwenye bahati ni yule anayesema "ni mimi" kabla ya wengine wote.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku njema mno.

Nilipofika ofisini nilisikia mayowe kutoka upande wa soko. Mafundi wamekuwa wakihangaika na yale maji ya Liwali tangu alfajiri. Mara Katibu akaingia, suruali imelowa hadi magotini, mguu mmoja hauna kiatu. Nyuma yake walikuja wauza mazulia, nao wanachuruzika. Akauliza kwa sauti nzito ni nani aliyeamuru koki kuu ifunguliwe yote.

Khodir akatazama dari. Mafundi wakatazama sakafu. Mimi nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nikasema ni wazo langu, langu peke yangu, Khodir hakuhusika hata kidogo, na niko tayari kuapa.

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Nimeambiwa nisubiri nje ya mlango wa Katibu. Yuko ndani, anaongea na Liwali kwa simu. Nasikia akilitaja jina langu, tena kwa herufi moja moja, lisije likakosewa. Nimeshapanga maneno ya shukrani. Yatakuwa mafupi.