Vigimbi vya Karani Mwinjuma

Jumatano, 1 Juni 1910

Mjomba wake Asia amekubali! Mzee Dadi kateremka mwenyewe kutoka Bigwa juu mlimani, kaketi barazani kwangu, kamaliza uji wote, kisha akasema posa imepokelewa. Kwa Waluguru mjomba akishasema, baba hana la kuongeza. Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikashindwa hata kusimama. Miguu imekufa ganzi.

Limebaki jambo moja dogo. Jumapili ya wiki ijayo nipande nikalime shamba la mama mkwe, ukoo mzima ukitazama. Shamba lenyewe limesimama wima kama ukuta. Wakati wa kuaga mzee akainua pindo la kanzu yangu kwa ncha ya fimbo, akatazama chini, akaguna. Guno lile sikulipenda.

Ukarani umeniharibu. Kutwa kucha niko kitini kwa Bwana Akida, naandika majina ya walipa kodi. Ikifika alasiri vifundo vimevimba, viatu haviingii. Na vigimbi sina, mashavu ya miguu yamekauka. Nina njiti mbili.

Ijumaa, 3 Juni

Asia kaja sokoni kuuza ndizi. Kanikuta najisugua miguu. Akasema damu imelala kwa kukaa mno, dawa yake ni kutembea. Nimsindikize jioni hadi panapoanza mlima kila akija soko, na nikirudi nilale chali, miguu nimeiegemeza ukutani. Basi! Hiyo nayo dawa? Mimi karani nionekane nimebeba tenga, kanzu nyeupe imejaa vumbi? Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema, haya.

Kibwana akajitia kumbebea tenga. Kibwana ni jirani yao, mtu wa jembe. Vigimbi vyake vimejaa mpaka vinaudhi.

Jumatatu, 6 Juni

Nimepata! Rafiki yangu Mosi, askari wa boma, ana vigimbi kumshinda hata Kibwana. Nimembana anitolee siri. Akanionyesha vile vitambaa virefu wanavyojizungushia askari kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Papo hapo nikaelewa. Damu ikishuka ikakuta njia ya kurudi imefungwa, itafanya nini? Itakaa. Ikikaa, itageuka nyama. Mosi aliongeza mambo fulani ya kwata kila asubuhi, ila hapo nilikuwa simsikilizi tena.

Kaniazima vitambaa. Kasisitiza ni mali ya serikali.

Jumatano, 8 Juni

Nimefunga, nimekaza kwa meno. Miguu imenenepa! Kwa kweli imenenepa zaidi kwenye vidole, tena rangi yake si nzuri. Mwanzo ni mgumu.

Mchana nikaanguka mlangoni mwa baraza la Akida. Mwanaheri, yule mjane anayeuza vitumbua pale nje, akaja mbio na maji ya uvuguvugu. Hakuniuliza. Akafungua vitambaa, akanikanda kuanzia nyayo kupanda juu, pole pole, mpaka joto likarudi. Raha iliyoje! Akanikataza kabisa kufunga tena. Alipoondoka nikafunga tena.

Ijumaa, 10 Juni

Asia kaja. Ananiomba nimsindikize leo tu, ana jambo la kuniambia njiani. Nikapima. Nikitembea sasa, damu yote niliyoikusanya wiki nzima itatawanyika! Nikasema Jumapili si mbali, ataniambia huko huko. Akanitazama sana. Moyo uliniuma, sikatai. Wakaondoka yeye na Kibwana, nami nikabaki mlangoni nawatazama mpaka wakapotea.

Jumapili, 12 Juni

Lahaula! Afadhali ardhi ingenimeza.

Nilipanda na vitambaa chini ya kanzu, nimekaza kuliko siku zote. Katikati ya mlima sikuzisikia nyayo. Nilipofika sikuyasikia magoti. Mashangazi wamejipanga juu ya shamba, wananiangalia miguu, wananong'ona. Nikashika jembe. Pigo la kwanza sawa. La pili nikaanguka, nikabiringika kwenye maharage ya mama mkwe mpaka migombani. Kitambaa kimoja kikanasa kwenye kisiki juu, kikawa kinafunguka nyuma yangu kadiri ninavyoshuka. Ukoo mzima ukaona.

Aliyenibeba mgongoni kunipandisha ni Kibwana. Tena kwa upole, mshenzi yule! Mzee Dadi akakiviringisha kitambaa taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema mkwe asiye na miguu angempokea, mahali pa kukaa papo. Bali anayejifunga mwenyewe asitembee, huyo hajui amfanyeje.

Jumatatu, 13 Juni

Posa imerudishwa. Aliyeileta ni Asia mwenyewe, kwa heshima. Nikamwambia naijua sababu, ni vigimbi. Akacheka, kisha machozi yakamtoka. Akasema vigimbi vya Kibwana anaviona tangu utotoni, havijamsumbua usingizi. Alikuwa ananiita njiani ili tuzungumze. Nyumbani kuna mama, kuna mashangazi, sokoni kuna watu. Njia ile ndiyo peke yake ambayo tungekuwa wawili. Ijumaa alitaka kuniambia nisihangaike na shamba, kwamba ameshamwomba mjomba anisamehe, naye amekubali, mradi niseme mwenyewe kuwa miguu inauma.

Nimelia. Karani wa akida nimelia juu ya majina ya walipa kodi, wino ukachuruzika. Ee Mola, ningemsindikiza hata siku moja! Hata mpaka darajani, nusu ya njia!

Ijumaa, 17 Juni

Wamepita jioni, Asia na Kibwana. Wanazungumza. Hawakuniona. 

Nimetafakari sana kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Nilifunga kuanzia juu kwenda chini, na muda ulikuwa mfupi. Safari hii nitaanzia chini, mwezi mzima. Mosi kaniazima tena baada ya kumbembeleza sana.

Mwanaheri kapita na sinia lake tupu. Akasema anakwenda mtoni, jioni ina upepo mzuri, miguu yangu ingefaidi, na yeye pia angependa mtu wa kuzungumza naye. Mwanamke mzuri huyu! Mbona sikumwona siku zote? Nimeamua nitamposa.

Nimemwambia atangulie. Nitamsindikiza vigimbi vikishaota.